Pango hai la Noeli Dar es Salaam: wahi mapema, simama karibu na kondoo

Kama unataka watoto walione pango hai la Noeli, yaani igizo la kuzaliwa Yesu lenye watu na wanyama wa kweli, na walielewe, chagua moja tu, lililo karibu na nyumbani, na ufike jua likiwa bado halijazama. Familia nyingi hufanya kinyume. Zinapanga makanisa matatu kwa usiku mmoja wa tarehe 24, zinaanzia Mbezi Beach, zinashuka Posta, zinataka kumalizia Temeke. Ikifika saa nne usiku watoto wamelala begani, na walichokiona ni migongo ya watu wazima na simu zilizoinuliwa juu. Mtoto anahitaji kusimama mahali pamoja kwa muda, karibu kiasi cha kumsikia kondoo anavyotafuna, na awe na mtu mzima mmoja pembeni wa kumjibu maswali. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yanalenga kumpatia nafasi hiyo.

Mapango mengi ya Dar es Salaam ni ya sanamu: Maria, Yosefu, mtoto kwenye hori, ng'ombe na punda wa plasta, makuti juu, taa za kumetameta. Yenye watu na wanyama wa kweli ni machache, na huandaliwa na watoto wa Utoto Mtakatifu (chama cha watoto Wakatoliki), vijana wa parokia, shule ya Jumapili ya usharika, au shule zenye uwanja mkubwa. Hayatangazwi sana nje ya kanisa lenyewe. Sikiliza matangazo baada ya ibada kuanzia Jumapili ya tatu ya Majilio, yale majuma manne ya kungoja Krismasi, soma ubao wa getini, au mtafute mwalimu wa watoto, maana yeye ndiye anayejua nani kapewa nafasi ya Yosefu na kondoo wanatoka kwa nani. Usimuulize tu kama kuna igizo. Muulize kama wanyama watakuwepo, kama watoto wataruhusiwa kusogea au ni kutazama kwa mbali, saa mnayoanza kweli ni ipi, na mvua ikinyesha mnahamia wapi. Akiyajibu hayo manne bila kusita, ujue pana maandalizi.

Hakikisha na tarehe. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi jiji hupungua watu. Wenye kwao Kilimanjaro wanapanda mabasi kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na igizo lililofanyiwa mazoezi tangu Novemba linaweza kubaki bila Yosefu wala malaika Gabrieli. Ndiyo maana baadhi ya vikundi hufanya onyesho lao mapema, na shule hufanya kabla hazijafunga mwanzoni mwa Desemba. Anayengoja mkesha ndipo aanze kuuliza mara nyingi hukuta lilishapita.

Desturi yenyewe huhesabiwa kuanzia Greccio, kijiji cha milimani katikati ya Italia, Krismasi ya mwaka 1223. Siku kama kumi na tano kabla ya sikukuu, Fransisko wa Asizi alimwomba bwana mmoja wa pale aitwaye Yohane atayarishe hori yenye majani makavu, na alete ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho shida aliyozaliwa nayo mtoto yule. Misa iliadhimishwa juu ya hori hiyo, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache baadaye, hataji mwigizaji wa Maria wala wa Yosefu. Anataja majani, wanyama wawili, mienge, na wanakijiji waliopanda mlima kwa nyimbo. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko alikwenda huko Greccio na kutia sahihi pale pale barua yake juu ya maana ya pango. Kwa Wakatoliki wa Dar es Salaam ukoo huu hauko mbali: Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao ni wa familia ya Fransisko, walipokea utume wa hapa mwaka 1921, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa kufuatia Vita ya Kwanza ya Dunia.

Nayaeleza haya kwa ajili ya mzazi anayefika kwenye kiwanja cha usharika, akakuta kondoo wawili na hori iliyogongwa kwa mbao za makreti, akadhani kaleta watoto mahali pasipofaa. Hapo pana karibu kila kitu kilichokuwepo Greccio. Pango dogo lenye kamba umbali wa mita moja na nusu kutoka kwenye hori humfundisha mtoto mengi kuliko jukwaa kubwa lenye spika nne.

Siku mbili tatu kabla ya kwenda, someni nyumbani. Luka sura ya 2, aya ya 1 hadi 20, kwa sauti ya kawaida haizidi dakika tano. Siku nyingine someni Mathayo sura ya 2, aya ya 1 hadi 12. Msizisome kwa pamoja, kwa sababu pango litazichanganya. Wachungaji wako kwa Luka, nao walifika usiku ule ule. Mamajusi wako kwa Mathayo, waliingia nyumbani, na hakuna mahali panapoandikwa kwamba walikuwa watatu. Zilizo tatu ni zawadi. Ng'ombe na punda hawamo kwa Luka wala kwa Mathayo. Wakristo waliwachukua kutoka Isaya 1:3, pale ambapo ng'ombe na punda wanamjua bwana wao. Mtoto wa miaka tisa akiyajua haya kabla, akifika pale atakuwa anakagua, na maswali yake yatakuwa mazuri.

Wadogo zaidi wape kitu kimoja kimoja cha kutafuta. Huyu atafute nguo aliyoviringishwa mtoto, huyu atazame Yosefu ameshika nini, huyu ahesabu miguu ya wanyama. Mwenye kazi hasumbui, na mkirudi nyumbani kila mmoja ana lake la kumsimulia bibi.

Zawadi za mamajusi ni rahisi kuzieleza hapa Pwani kuliko mahali pengi duniani, kwa sababu uvumba wao ni ubani, na ubani unauzwa Kariakoo. Weka punje mbili tatu juu ya kaa la moto kwenye chetezo, madirisha yakiwa wazi, watoto wanuse kwa mbali. Mwenye pumu akae nje. Manemane nayo ni utomvu mkavu wa mti wa jamii hiyo hiyo ya miti, na vyote viwili hutoka Pembe ya Afrika na kusini mwa Arabuni. Mtoto aliyenusa ubani Jumatatu, akimwona Mamajusi na kijisanduku chake Jumatano, hahitaji kuambiwa kilichomo.

Dar es Salaam tunaishi kwa kuchanganyika, na mara nyingi watoto wa jirani Mwislamu wataomba kwenda na wenzao. Waombe wazazi wao ruhusa mapema, na uwaeleze wazi kwamba kuna watu watakaoigiza Mariamu na malaika, kwa kuwa wapo wasiopenda kuona mitume na malaika wakiigizwa. Wakikubali, jua kwamba mtoto huyo haendi mikono mitupu. Habari ya Bi Mariamu kujifungua chini ya mtende ameisikia madrasa, imo katika Sura ya 19 ya Qurani. Mwache awasimulie wenzake njiani. Mwalimu wa Jumapili mwenye busara akisikia hivyo huwakaribisha watoto wote mbele.

Sasa muda. Mwishoni mwa Desemba jua la Dar es Salaam linazama karibu saa 12 na dakika 40 jioni. Mchana joto hufika nyuzi 31 au 32, na kwa unyevu wa mwezi huo linasikika kali zaidi. Kondoo nao saa nane mchana wamelala kivulini wanahema. Kuanzia saa 11 hali inabadilika. Upepo wa bahari unapoza, wanyama wanaamka kula, na mwanga bado unatosha mtoto kuona vizuri bila taa za kuumiza macho. Basi fika saa 11, au robo saa baadaye. Dakika ishirini za kwanza nendeni kwa wanyama kabla umati haujajaa. Kisha nawisheni mikono, kuleni kidogo, wapelekeni watoto msalani, halafu mkakae mbele. Igizo zuri la watoto huchukua dakika 30 hadi 40. Giza likiingia angalieni taa kwa dakika chache, na saa 2 usiku muwe njiani. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosheka na ile sehemu ya mwanga. Akianza kulialia wakati wa igizo mmoja wenu aondoke naye, asilazimishwe.

Usafiri upange kwa kurudi zaidi kuliko kwenda. Kwenda kuna daladala na mwendokasi. Kurudi baada ya mkesha magari hupungua na bajaji hupandisha bei, kwa hiyo patana na dereva unayemjua kabla hujatoka nyumbani. Kama mnapita Jangwani, tazama mawingu. Mvua za vuli huendelea Desemba, Mto Msimbazi ukijaa barabara inafungwa na mwendokasi husitisha safari za kipande hicho. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua kanisa la karibu.

Mavazi ni jambo ambalo familia hugombana bure. Nguo mpya za sikukuu zibaki za tarehe 25. Kwenye banda la wanyama mtoto avae suruali au sketi nyepesi iliyozoeleka, shati la mikono mirefu, na viatu vya kufunika vidole, maana kwato za mbuzi ni ndogo lakini zina ncha kali, na kinyesi hakikosekani. Mikono mirefu ni kwa ajili ya mbu. Wa malaria huuma usiku. Wa homa ya dengue, ambayo imewahi kuzuka Dar es Salaam zaidi ya mara moja, huuma mchana, hasa asubuhi na saa za jioni, saa zile zile mtakazokuwa mmesimama kwenye majani. Mpakeni watoto dawa ya mbu kabla ya kutoka, siyo mkishafika, kisha ninyi wakubwa mjipake pia. Begani beba maji ya kunywa, chupa nyingine ya lita moja na nusu ya kunawia, kipande cha sabuni kwenye kimfuko, kanga moja ya kukalia, na pesa ndogo ndogo za sadaka. Maonyesho mengi hayana kiingilio, lakini majani ya wanyama na gari lililowaleta vimelipiwa na mtu.

Wanyama wanastahili maelezo marefu, kwa sababu hapo ndipo watoto hufurahi na hapo ndipo mambo huharibika.

Kondoo wa kwetu ana nywele fupi na mkia mnene wa mafuta. Mtoto aliyezoea kadi za Krismasi anatarajia mnyama mweupe kama pamba, na wengine hubisha kabisa kwamba yule si kondoo. Mwambie kuhusu mkia. Kondoo wa mkia wa mafuta ni wa zamani sana katika nchi za Biblia. Walawi 3:9 inautaja mkia huo miongoni mwa mafuta ya sadaka. Kwa mkia, kondoo aliyefungwa hapo uani anafanana na waliochungwa karibu na Bethlehemu kuliko yule wa kwenye kadi.

Kimo chake ni faida. Begani ana sentimita kama 60 au 70, hivyo mtoto wa miaka mitatu anatazamana naye uso kwa uso. Msogeze mtoto kwa ubavuni mbele, pale anapoonekana na mnyama, na mkono uje kwa chini. Akune shingoni au kifuani. Asiguse utosi, kwa sababu kondoo dume na mbuzi husoma mkono wa juu ya kichwa kama mwito wa kupigana pembe. Kulisha, kiganja kinyooke wazi, kidole gumba kibanwe kando, majani yawe katikati. Mdomo wa juu wa kondoo hauna meno ya mbele. Atayavuta majani kwa midomo na ulimi, na mtoto atasikia mguso mkavu, wa joto, wenye kukwaruza kidogo. Mwache asikie hivyo mara mbili tatu, usiharakishe foleni.

Chakula kiwe kile alicholetewa na mwenye mnyama: nyasi, matembele, mabua mabichi. Mkate, biskuti, ugali na wali hapana. Mnyama anayecheua akila wanga mwingi kwa ghafla tumbo hugeuka asidi, hujaa gesi, na anaweza kufa siku ya pili, wakati watoto walioleta biskuti walikuwa mia na kila mmoja alitoa kipande kimoja tu. Mbuzi mchunge kwa upande wa pili: yeye ndiye atakayekula utepe wa nywele, pindo la kanga, tangazo la programu na mfuko wa nailoni. Nailoni ndiyo mbaya zaidi, hukaa tumboni isitoke.

Kondoo mmoja peke yake ni kosa la waandaaji linaloonekana mara nyingi. Ni mnyama wa kundi. Akitengwa hulia mfululizo, huvuta kamba, na igizo zima linafunikwa na kelele zake. Wakiwa wawili waliozoeana hutulia. Ukikuta mmoja analia hivyo, usimlaumu mnyama wala usimwache mtoto amsogelee. Ukiona anahema mdomo wazi na ulimi nje, mwambie mhudumu taratibu, "Ndugu yangu, kondoo huyu amezidiwa na joto, tumsogeze kivulini tumpe maji." Wengi hushukuru, kwa sababu wamebanwa na mambo ya jukwaa na hawajamtazama.

Punda ni adimu mjini, na akipatikana kila mtu anataka kupiga naye picha. Yaeleweke kwamba punda akiogopa mara nyingi hakimbii, husimama kama gogo. Utulivu ule si lazima uwe ridhaa. Tazama masikio: yakilala nyuma na mkia ukibana, watoto warudi. Hakuna mtu kusimama nyuma yake, na mita tatu ni umbali unaofaa kwa mtoto. Maria kupandishwa mgongoni mwa punda asiyezoea kupandwa ni hatari ninayoipinga waziwazi. Atembee kando yake, hadithi haipungui kitu. Injili hazisemi kwamba alipanda. Ng'ombe naye atazamwe kutoka nje ya kamba tu.

Adui mkubwa wa wanyama hawa usiku huo ni fataki. Mlipuko mmoja nyuma ya ukuta unatosha kumfanya ng'ombe akate kamba. Ukisikia vijana wa mtaani wameanza kulipua, watoe watoto kwenye banda kwanza, maelezo yafuate.

Wanyama walionunuliwa Mnada wa Pugu juzi yake huwa wachovu, wamesafirishwa kwa malori kutoka mikoa ya mbali na hawajazoea mikono ya watu. Walioazimwa kwa mfugaji wa Chanika, Kibamba au Kigamboni, wakaja pamoja na mchungaji wao wa kila siku, ndio wanaofaa. Waandaaji makini huwa na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo, na hukuonyesha bila kununa. Mzee aliyekuja na wanyama wake ndiye mtu wa maana kuliko wote pale uwanjani. Mfundishe mtoto amsalimie, "Shikamoo babu," kisha amuulize majina ya kondoo. Ataambiwa nani ni mama wa nani, nani mkorofi, nani alizaliwa wakati wa masika, na hapo mtoto atakuwa amezungumza na mchungaji wa kweli, siyo mwigizaji.

Kunawa mikono kusiachwe kwa sababu ya haraka. Vimelea vya kinyesi, wakiwemo wale wa kuharisha damu, hukaa kwenye nywele za mnyama, midomoni, kwenye kamba na kwenye mbao za uzio, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi. Dawa ya kusugulia mikono haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu na mafuta. Maji yatiririke, sabuni isuguliwe sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, halafu suuza. Mtoto asishike chuchu ya bandia, pipi wala chupa ya maji kabla ya hapo. Mama mjamzito asiingie kabisa kwenye banda lenye kondoo au mbuzi aliyezaa karibuni, hata kama mwanakondoo ni mzuri namna gani.

Moto ni jambo la pili la kukagua, na linakaguliwa kwa macho tu mkiingia. Makuti makavu, mabua, majani kwenye hori na kitambaa cha marekani walichovaa wachungaji, vyote vinashika haraka. Mishumaa ya kweli isiwe ndani ya banda. Taa ndogo za betri zinatosha. Ekstensheni zilizounganishwa mbili tatu na kufukiwa kwenye nyasi hupata moto hata bila cheche, hasa umeme ukikatika na jenereta likawashwa. Tafuta mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga iko wapi, na kaeni upande wenye njia mbili za kutokea. Namba ya Zimamoto ni 114.

Kuhusu mtoto wa kwenye hori, msimamo wangu ni mwanasesere, au sanamu ya parokia. Kichanga cha kweli hutoa picha nzuri, lakini chini ya taa, kwenye joto lile, na majani yanayochoma na vumbi lake, dakika kumi ni nyingi mno. Kama familia yenu imeombwa kutoa kichanga, mama yake mzazi awe ndiye Maria, ambebe mkononi badala ya kumlaza, aingie mwishoni, atoke baada ya wimbo mmoja. Hori yenyewe iwe na kimo cha sentimita 50 hivi. Ikizidi hapo watoto wa chekechea wanaona mbao tu.

Babu na bibi wapelekwe, ila ukague ardhi kwanza. Viwanja vingi vya makanisa yetu ni mchanga, na magurudumu ya kiti cha wagonjwa huzama. Miguu ya viti vya plastiki pia huzama, mzee akaanguka ubavu. Tafuta sehemu yenye pevingi au zege, ama weka kipande cha mbao chini ya kiti. Mwambie mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya kwamba mna mtu mzima asiyeweza kusimama, atawapangia mbele pembeni. Wasiwe katikati, wakitaka kutoka isiwe kazi.

Watoto kupotea hutokea igizo linapoisha, siyo katikati yake. Malaika anashuka, watu wote wanainuka kwa wakati mmoja kwenda kuona hori, taa za nyuma zinazimwa. Mwandikie kila mtoto namba yako ya simu kwenye mkono kwa kalamu ya wino kabla ya kutoka nyumbani, na mkifika tu muonyesheni mahali pa kukutania pasipohama: chini ya mnara wa kengele, au kwenye groto ya Bikira Maria. Bakini mmekaa dakika kumi baada ya igizo, umati upungue, kisha ndipo mwende kuaga.

Picha pigeni wakati wa mwanga, mbili tatu, bila mwali wa kamera (flashi), kisha simu zirudi mfukoni. Mwali hushtua wanyama na humfanya malaika wa miaka saba asahau maneno yake. Watoto wa watu walioko jukwaani wasiwekwe mtandaoni bila wazazi wao kukubali.

Mvua ikianza, onyesho zuri huhamia ukumbini bila wanyama, na hapo ni haki ya mtoto kusikitika. Msikimbilie kanisa lingine. Baada ya Krismasi mapango ya sanamu hubaki wazi, kwa Wakatoliki hadi sherehe ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari, na siku za tarehe 27 hadi 30 Desemba ni tulivu kuliko zote. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na Azania Front la Walutheri, yote yaliyojengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mnaweza kuyatembelea kwa mguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Kivukoni kwa asubuhi moja. Epifania, sikukuu ya mamajusi, inapofika, sehemu nyingi husogeza mamajusi mpaka kwenye hori, kwa hiyo aliyewahi kwenda kabla ya Krismasi ana kitu kipya cha kuona. Piga simu ofisi ya parokia au ya usharika kwanza uulize saa za kufungua, kwa kuwa siku hizo wahudumu wengi wako likizo na mlango mkubwa huweza kufungwa baada ya misa ya asubuhi.